Tairi kipara si tairi la mashindano

Kila masika, kwenye vijiwe vya bodaboda vya Arusha, husikika hoja kwamba tairi lililolika hadi kuwa kipara hushika barabara vizuri zaidi, kwa kuwa pikipiki za mashindano nazo hutumia matairi yasiyo na kashata, yaani yasiyo na mifereji usoni. Hoja hiyo imechanganya vitu viwili, na inaweza kumgharimu mtu uhai.

Tairi la mashindano lisilo na kashata hutengenezwa likiwa hivyo tangu kiwandani, kwa mpira mororo ambao hupashwa moto kwa blanketi za umeme kabla ya mbio, kwani mpira huo hunata ipasavyo ukiwa na joto kali tu. Kwa kuwa halina mifereji, mpira mwingi zaidi hugusa lami, nayo lami huwa kavu. Mvua ikinyesha, timu hubadili na kufunga matairi yenye mifereji. Tairi lililozeeka, kinyume chake, limebaki na mpira mwembamba uliokakamaa, rahisi kutobolewa na msumari, na halina pa kupitishia maji, hivyo katika dimbwi huelea juu ya maji badala ya kushika lami.

Hata Ducati Panigale V4 R, pikipiki ya sentimita za ujazo 998 ambayo ndiyo msingi wa ile inayoshindana katika mashindano ya Superbike ya Dunia, huuzwa ikiwa na matairi yenye mifereji kwa ajili ya barabara za kawaida. Ikifika uwanja wa mbio ndipo hufungwa yale yasiyo na kashata ya kampuni ya Pirelli.