Mahakama Kuungua Si Mwisho wa Kumtafuta Babu Marekani

Haya ni madai yanayosikika sana kuhusu kutafuta wahenga Marekani, kila moja na jibu lake.

"Kila aliyezaliwa Marekani ana cheti cha kuzaliwa."
Vyeti hivi hutunzwa na majimbo na kaunti, na kila jimbo lilianza kwa wakati wake: Massachusetts mwaka 1841, Pennsylvania 1906, Georgia 1919. Ukijibiwa kwamba cheti cha 1880 hakipo, huenda hakikuwahi kuandikwa. Geukia madaftari ya ubatizo, sensa na mahakama ya kaunti.

"Siku hizi vyote viko mtandaoni."
Vingi vipo, na FamilySearch, tovuti ya kutafuta nasaba, haitozi ada. Ila kurasa nyingi hazina faharasa, yaani orodha ya majina ya kutafutia, utazipekua moja moja. Vingine bado vimo makabatini kwa karani wa kaunti.

"Mahakama iliungua, basi hakuna kitu."
Hii hukatisha watu tamaa mapema mno. Ni kweli moto wa Chicago wa 1871 uliteketeza kumbukumbu za kaunti ya Cook. Lakini mwenye shamba hakubali kukaa bila hati. Baada ya mioto ya namna hii wengi walipeleka nakala zao ziandikishwe upya. Uliza ni ofisi gani iliungua, na mwaka gani. Kama kaunti ilimegwa kutoka nyingine, nyaraka za kabla ya hapo kwa kawaida zimebaki kaunti mama, salama kabisa.

"Mirathi ni ya matajiri wenye wosia."
Hapana, na hapa ningekusihi ukae sana. Aliyekufa bila wosia lakini ana mali, mahakama ilimteulia msimamizi. Usiishie kwenye faharasa, omba jalada zima: humo mna warithi, wadai, walezi wa yatima, na orodha ya mali hadi sufuria na ndama.

Kwa wazao wa waliokuwa utumwani, jalada hilo lina uzito wa pekee. Orodha za watumwa za sensa ya 1850 na 1860 ziliandika umri, jinsia na rangi, karibu zote bila majina. Katika mirathi ya aliyewamiliki, jina huonekana, na bei pembeni yake. Inauma kusoma. Anza na sensa ya 1870, iliyowaandika walioachwa huru kwa majina, kisha pekua mirathi ya kabla ya 1865 ya wenye mashamba wa kaunti hiyo. Usiwafuate wamiliki wenye jina la ukoo la walioachwa huru peke yao, maana wengi wa walioachwa huru hawakulichukua la bwana wao wa mwisho.