Pantoni la Pangani ndani ya ini

Tangu nistaafu na kurudi kwetu Tanga, swali ninaloulizwa kuliko yote ni hili: "Profesa, mbona dawa ileile ya akili imemtuliza mtoto wa jirani, na wangu imemkakamaza kama gogo?" Nimefundisha famakolojia, elimu ya dawa na mwili, maisha yangu yote ya kazi, na miaka mingi nikiwa maabara na vinasaba vya wagonjwa wa akili. Jibu langu huanzia Pangani.

Aliyepita barabara ya pwani anakijua kivuko kile. Magari yanafika upande wa mjini, pantoni linayavusha machache machache hadi Bweni. Likiwa zima, foleni huioni. Likisuasua, magari yanapangana mpaka huko nyuma, ingawa yanayofika ni idadi ileile ya jana. Ini nalo lina vivuko vyake, tunaviita vimeng'enya. Kimoja ni CYP2D6, ambacho jeni yake, yaani maelekezo tunayorithi ya kukitengeneza, iko kwenye kromosomu ya 22. Kinashiriki kuvunja haloperidoli, risperidoni, amitriptilini na dawa nyingine nyingi za wodi ya akili. Kikiwa kizito, dawa inarundikana kwenye damu, na mgonjwa anajikuta amebeba dozi kubwa ambayo hakuna daktari aliyeiandika.

Nikiwa mwanafunzi, katika hospitali moja, nilimkuta kijana wa miaka 19 siku ya pili baada ya sindano ya haloperidoli. Shingo imepinda, kidevu kimegusa bega, macho yamegeukia juu, ulimi umekaza. Muuguzi akasema anajifanya. Mama yake alikuwa amekunja kanga akaiweka chini ya kichwa cha mwanawe, akaninong'oneza: "Mwanangu, huyu kaongezewa shetani mwingine." Akachomwa promethazini, dawa ya kulegeza mkazo wa aina hiyo. Kabla sijamaliza kuandika faili, shingo ikaanza kurudi mahali pake.

Sisemi ni jeni peke yake iliyompinda. Vijana wa kiume hupatwa na hali ile zaidi, hata wenye ini lisilo na tatizo. Lakini kijana yule ndiye aliyenipeleka maabara.

Vitabu tulivyosomea vilikadiria dozi kwa miili ya Ulaya. Huko, kati ya watu 5 na 10 katika kila 100 kivuko chao hakifanyi kazi kabisa. Kwetu hao ni wachache. Walio wengi zaidi ni wale ambao pantoni lao linakwenda, ila polepole. Aina ya jeni iitwayo namba 17 imeenea Afrika na ni adimu Ulaya. Namba 29 ilichunguzwa kwa Watanzania na kuelezwa mwaka 2001, nayo pia hupunguza kasi. Namba 17 ilinishughulisha sana, maana inazembea kwa dawa moja na kwa nyingine inajitahidi. Kwa hiyo huwezi kumwambia mtu "wewe ni mzito" ukaishia hapo. Lazima useme mzito kwa dawa ipi. Na wapo wa upande wa pili: Ethiopia, karibu watu 3 katika kila 10 wana nakala za ziada za jeni hii, na dawa inaweza kuvuka kabla haijafanya kazi.

Hata mwenye jeni nzuri anaweza kukwama. Fluoksetini, dawa ya sonona, hulikalia pantoni hilohilo na kuzuia wengine wasipande.

Kusoma jeni hii si kipimo cha kawaida katika hospitali zetu, lakini kiwiko kila mgonjwa anacho. Wanafunzi wangu wote niliwafundisha hivi: kabla hujaongeza haloperidoli, mshike mgonjwa mkono, ukunje na kuunyoosha taratibu. Ukija kwa kukwamakwama, kama msumeno kwenye mbao mbichi, usiongeze: dawa imeshamlemea. Mgonjwa anayetembeatembea usiku kucha, asiyeweza kukaa, pia mwangalie vizuri. Mara nyingi tumeiita hali hiyo ugonjwa kuzidi, tukaongeza dawa, kumbe dawa ndiyo inayomkimbiza. Kosa hilo nimelifanya mwenyewe, na linaniuma mpaka leo.

Kwa mzazi anayesoma hapa: usimwachishe mtoto dawa ghafla. Nunua daftari. Andika jina la kila dawa, pamoja na za mafua na za mganga, saa aliyomeza, na ulichokiona. Mama mmoja wa Ngamiani aliniletea la kwake. Lilikuwa na mistari mifupi tu: "Jumanne, mate yanamtoka. Jumatano, kashindwa kufunga vifungo." Daktari wake alipoyasoma hayo, alipunguza dozi siku ileile.