Ubongo unavyobadilika ukikua na ukiumia: dhana potofu na ukweli

Kuhusu ubongo kubadilika, watu husema mambo mawili yanayopingana, na yote mawili huwaumiza wagonjwa. Wapo wanaosema ukishaharibika ndiyo basi. Wapo wanaosema utajirekebisha wenyewe, ni kusubiri tu. La kwanza ndilo linalonitia uchungu zaidi, kwa sababu huwafanya ndugu wa mgonjwa wakate tamaa mapema. Lakini tuanzie utotoni.

Dhana: Kadiri mtoto anavyokua, ndivyo miunganiko ya ubongo wake inavyozidi kuongezeka.

Huongezeka kwa muda tu, kisha hupungua. Mtoto huzaliwa na karibu seli zake zote za neva, na miunganiko kati ya seli hizo huota kwa kasi hadi kupita kiasi. Peter Huttenlocher, aliyeihesabu kwa hadubini na kuchapisha matokeo yake mwaka 1979, alikuta kwamba katika sehemu ya mbele ya ubongo, mtoto wa mwaka mmoja au miwili ana msongamano wa miunganiko unaomzidi mtu mzima kwa takriban nusu. Inayotumika huimarika, isiyotumika hupogolewa. Sehemu hiyo ya mbele, inayohusika na kupanga mambo na kujizuia, huendelea kukomaa hadi mtu avuke miaka 20.

Kutumika huko kuna majira yake. David Hubel na Torsten Wiesel waliziba jicho moja la paka wachanga. Walipolifungua baada ya miezi kadhaa, jicho lenyewe lilikuwa zima, ila ubongo haukupokea tena habari zake. Paka mkubwa akizibwa jicho vivyo hivyo hapati madhara hayo. Ndiyo maana mtoto anayezaliwa na ukungu mzito kwenye lenzi ya jicho hapaswi kusubiri akue ndipo apasuliwe. Wiki za mwanzo ndizo zenye thamani.

Dhana: Ubongo wa mtu mzima haubadiliki tena.

Eleanor Maguire na wenzake waliwachunguza madereva teksi wa London, ambao hulazimika kukariri mitaa ipatayo 25,000 kabla ya kupewa leseni. Mwaka 2000 walionyesha kuwa sehemu ya nyuma ya hipokampasi, eneo la ubongo linalohusika na kumbukumbu ya mahali, ilikuwa kubwa zaidi kwa madereva hao kuliko kwa watu wengine. Je, walizaliwa hivyo? Utafiti wa mwaka 2011 uliwafuatilia wanafunzi wa udereva huo tangu mwanzo wa masomo, na sehemu hiyo ikaongezeka kwa waliofaulu tu.

Dhana: Tunatumia asilimia 10 tu ya ubongo.

Si kweli hata kidogo. Kama sehemu kubwa ingekuwa haina kazi, jeraha dogo mara nyingi lisingedhuru kitu. Kiharusi kidogo sana, kikipiga mahali pabaya, kinaweza kumnyima mtu uwezo wa kumeza.

Dhana: Mtoto akiumia kichwa hakuna shida kubwa, ubongo wake bado ni laini.

Imani hii ilipata nguvu kutokana na majaribio ya mtafiti Margaret Kennard kwa nyani walioumizwa ubongo katika miaka ya 1930, ambamo wadogo walirudisha mwendo vizuri kuliko wakubwa. Na ipo kweli ndani yake: mtoto aliyepata kiharusi upande wa kushoto wa ubongo karibu na kuzaliwa mara nyingi hujifunza kuzungumza, kwa sababu upande wa kulia huibeba kazi hiyo. Ila jeraha lililotapakaa ubongo mzima, kama la ajali ya barabarani, mara nyingi humdhuru zaidi mtoto mdogo. Linavuruga ujenzi ambao bado haujakamilika.

Tena madhara yake huchelewa kuonekana. Mtoto wa miaka 3 hatakiwi kupanga kazi zake wala kutulia kwa saa nzima, kwa hiyo hakuna anayegundua. Miaka inapita, masomo yanakuwa magumu, anaanza kushindwa, naye anaitwa mvivu au mkaidi. Hili ni dhuluma. Mzazi amweleze mwalimu kuhusu jeraha hilo hata kama ni la zamani.

Dhana: Baada ya miezi 6, mgonjwa wa kiharusi hawezi tena kupata nafuu.

Seli zilizokufa hazirudi, hilo tukubali. Nafuu ya haraka ya mwanzo hutokana na uvimbe kupungua na sehemu zilizozima kwa mshtuko kuamka, na nyingi yake huonekana katika miezi 3 ya kwanza. Kinachofuata ni kujifunza upya: maeneo mengine ya ubongo huchukua sehemu ya kazi iliyopotea, lakini kwa mazoezi ya kurudia-rudia tu.

Edward Taub aligundua jambo muhimu kwa nyani: mkono ukishindwa mara nyingi, mnyama huuacha kabisa, hata pale ambapo uwezo umeanza kurudi. Kutokana na hilo ilizaliwa tiba ya kuufunga mkono mzima, yaani usioathirika, ili ule dhaifu ulazimike kufanya kazi. Katika jaribio lililochapishwa mwaka 2006, watu waliopata kiharusi miezi 3 hadi 9 kabla walivalishwa glavu nene kwenye mkono mzima kwa wiki 2, huku wakifanya mazoezi hadi saa 6 kwa siku. Waliutumia mkono dhaifu vizuri zaidi, na faida hiyo ilidumu. Tiba hii huhitaji vidole na kifundo cha mkono viwe na mwendo kidogo, kwa hiyo haimfai kila mtu. Wala kuwahi sana si bora siku zote: jaribio kubwa la mwaka 2015 lilionyesha kuwa kumwinua mgonjwa kitandani mara nyingi ndani ya saa 24 za kwanza kulipunguza nafasi yake ya kupona vizuri.

Hata usemi huweza kurudi kwa kuchelewa. Nchini Ujerumani, watu waliokuwa wamekaa miezi 6 au zaidi bila kuzungumza vizuri walipewa mafunzo ya usemi ya angalau saa 10 kwa wiki, kwa wiki 3, na mawasiliano yao yakaboreka. Matokeo yalichapishwa mwaka 2017. Mgonjwa aliyeambiwa zamani kwamba ulimi wake umefika mwisho anastahili kupimwa upya.