Eksirei ya meno na umri wa mtoto: maswali ninayoulizwa hapa Tanga

Eksirei inajuaje umri?
Jino huumbika ndani ya taya kwa mpangilio: kichwa kwanza, kisha mzizi, mwisho ncha ya mzizi hufunga. Njia inayotumika sana, ya Demirjian na wenzake (1973), husoma meno 7 ya taya la chini upande wa kushoto, kila moja limefikia hatua ipi kati ya 8.

Itanipa tarehe ya kuzaliwa?
Hapana. Ni makadirio, yanaweza kupishana na ukweli kwa mwaka au zaidi. Tunzeni kadi ya kliniki, mkafuate cheti cha kuzaliwa RITA, wakala wa serikali wa kusajili vizazi.

Mwanangu ana miaka 8, gego limetoboka. Si la utoto hilo? Litaota jingine.
Halioti jingine! Kila wiki naletewa mtoto asomwe umri, na kwenye picha hiyohiyo naliona gego la ukubwani limeoza. Gego hilo huota karibu na miaka 6, nyuma kabisa, bila jino lolote kung'oka kulipisha. Ndiyo maana mnalidhania la utoto. Hesabu kuanzia jino la mbele katikati: ya utoto ni 5 tu kila upande, juu na chini. La 6 ni la maisha.

Bibi yake anasema tusubiri ling'oke lenyewe.
Shikamoo yake bibi, lakini hapana. Katika miaka 8 ncha za mizizi bado ziko wazi. Hufunga kwenye miaka 9 au 10. Uozo ukiua kiini cha jino kabla ya hapo, mzizi hukomea njiani, mfupi na mwembamba, na kulitibu ni kazi ngumu. Tundu dogo tungeliziba siku moja. Mnasubiri nini, na mtoto anakwenda shule na ubuyu wa sukari mfukoni?

Tunasaga kidonge tunatia tunduni, anatulia.
Acheni. Aspirini huunguza fizi, na uozo unaendelea chini kwa chini.

Shavu likivimba?
Mleteni siku hiyohiyo. Akiwa na homa, hafungui kinywa, anashindwa kumeza au kupumua, ni hospitali sasa hivi, hata usiku wa manane. Msingoje kupambazuke, msingoje baba arudi baharini.