Je, wajua kwa nini Frederick Douglass, mpinga utumwa maarufu wa Marekani, hatabasamu pichani?

Tazama picha zake: nywele nyingi zimechanwa upande, koti limemkaa sawasawa, uso umekazwa, macho hayana mzaha. Tabasamu hulioni. Na picha zenyewe si haba. Zinazojulikana ni kama 160, nyingi kuliko za Mmarekani mwingine yeyote wa karne ya 19, akiwemo Rais Abraham Lincoln. Huyu ni mtu aliyezaliwa mtumwa huko Maryland mwaka 1818, asijue hata siku aliyozaliwa.

Ni kweli kamera za mwanzo zilimtaka mtu atulie tuli kwa muda, na si rahisi kushikilia tabasamu vile. Lakini Douglass alikuwa na sababu yake. Michoro ya siku hizo ilimgeuza mtu mweusi kikaragosi: midomo imevimba, meno nje, anachekacheka ovyo. Kicheko hicho kilikuwa na kazi. Kiliwaambia watu kwamba mtumwa ameridhika, basi aachwe alipo.

Mwaka 1849, katika gazeti lake la North Star, aliandika kwamba mchoraji mzungu hawezi kumchora mweusi bila kumpotosha. Alikuwa ameona sura yake ndani ya kitabu kimoja, ikamkera. Walimchora mpole na mkunjufu mno, na yeye alikuwa mtumwa aliyetoroka.

Kamera haikuongeza wala kupunguza. Ufundi huo ulitangazwa Paris mwaka 1839, mwaka mmoja tu baada ya yeye kutoroka Baltimore kwa treni, amevaa kibaharia, mfukoni ana karatasi za kuazima za baharia mweusi aliye huru. Aliupokea kwa mikono miwili. Mwaka 1861, vita vya wenyewe kwa wenyewe vikiwa vimeshaanza, alisimama Boston kutoa hotuba kuhusu picha. Alifurahi kwamba kijakazi wa mshahara mdogo sasa anaweza kumiliki sura yake halisi, jambo ambalo zamani hata wafalme hawakulipata. Kwake hilo halikuwa jambo dogo. Kila alipoketi mbele ya kamera, alikuwa anatoa ushahidi: mtazameni, kisha mseme kama huyu ni mali ya mtu.

Nadhani kuna kidonda kingine chini ya hayo. Mama yake, Harriet Bailey, alifanyishwa kazi shamba la mbali. Alikuwa akitembea usiku kuja kumwona mwanawe, na kabla ya alfajiri awe amerudi. Walionana mara chache tu, kisha akafariki Frederick akiwa bado mtoto mdogo. Hakuacha picha. Alipokuwa mtu mzima, Douglass alikuta katika kitabu cha elimu ya binadamu mchoro wa sanamu ya kale ya Misri, ambayo wanazuoni wanasema ni ya Farao Ramses. Sura ile ilimfanana mama yake. Akawa anakifungua kitabu mara kwa mara, kama wengine wanavyotazama picha za wapendwa wao waliotangulia.