Kadi ya simu: pesa haimo ndani ya karatasi

Mama mmoja anayeuza omena soko la Kibuye, Kisumu, aliwahi kunijia na kadi ya kredo, yaani salio la simu, ya Safaricom ya shilingi 100 aliyoifua pamoja na aproni. Karatasi ilikuwa imelegea kama chapati iliyosahauliwa kwenye chai, ila ile rangi ya kijivu ilikuwa bado haijakwaruzwa. Akaniuliza, "Mwanangu, pesa yangu imekufa?"

"Haijafa, mama. Haikuwa humo."

Tukaianika juani, kisha tukaikwaruza taratibu kwa ukucha. Tarakimu zote 16 zikajitokeza. Akabonyeza *141*, akaziandika, akamalizia na #, na kredo ikaingia. Mama aliondoka akicheka, lakini nadhani hakuniamini niliposema pesa haikuwa humo. Hata hivyo, hapo ndipo ilipo maana yote ya kadi ya simu ya kulipia kabla.

Kadi hii ni risiti yenye siri. Kampuni ya simu huzalisha namba kwa bahati nasibu, kila namba ikaandikwa kwenye kompyuta yake pamoja na thamani: hii ni ya 20, hii ya 50, hii ya 100. Namba hiyo hiyo huchapishwa kwenye karatasi na kufunikwa. Ukiituma, kompyuta hutazama orodha, ikaona namba ipo na haijatumika, ikaongeza thamani yake kwenye laini yako, kisha ikaiwekea alama kuwa imetumika. Kuanzia hapo karatasi haina kazi tena, labda kuchokonolea meno kama wanavyofanya makanga wa stendi.

Je, mtu hawezi kubahatisha tu? Tarakimu 16 zinatoa namba nyingi mno: milioni 10 zidisha kwa bilioni moja. Zilizo hai kati ya hizo ni chache kama punje za mtama zilizomwagwa ziwani, na ukikosea mara kadhaa mfululizo mtambo hukufungia kwa muda.

Tazama tena kadi yako, kuna namba ya pili isiyofunikwa. Hiyo ni namba ya usajili wa kadi yenyewe, na kila mtu anaweza kuiona bila madhara. Wengi huipuuza, na ni kosa. Ukikwaruza kwa sarafu kwa hasira hadi tarakimu mbili zikafutika, hiyo namba ya wazi ndiyo itakayokuokoa: ukipiga huduma kwa wateja na kuwasomea, wanaweza kuitafuta kadi yako na kuona kama imetumika. Kwa hiyo usitupe karatasi kabla hujaona ujumbe wa kuthibitisha. Na ukwaruze kwa ukucha.

Si kadi zote za simu zilizoundwa hivi. Zile za mwanzo zilizojulikana sana, zilizotoka Italia mwaka 1976, zilibeba thamani yenyewe kwenye utepe wa sumaku. Vibanda vya simu vya sarafu vilikuwa vikivunjwa na wezi, na sarafu zenyewe zilikuwa adimu, ndipo wakafikiria kadi. Hapa kwetu Kenya pia Posta na Simu ilikuwa na vibanda vya kadi mbali na vile vya sarafu. Unaitumbukiza, unazungumza, uniti zinaliwa kutoka kwenye kadi yenyewe. Kadi ya aina hiyo ikiharibika, umepoteza kweli.

Neno "kredo" nalo lina kichekesho chake. Limetokana na neno la Kiingereza la mkopo, ilhali anayenunua kredo hakopi chochote. Anakopesha. Kampuni inashika pesa yako leo, nawe unazungumza kesho. Mkopo wa kweli ulikuwa ule wa simu za mezani za zamani: piga mwezi mzima, bili ije baadaye. Ndiyo maana maofisini simu za kuzungusha zilitiwa kufuli ndogo kwenye duara la namba, na wajanja wakajifunza kupiga kwa kugonga-gonga kile kitufe cha kukatia. Malipo ya kabla yaliondoa kufuli. Yaliondoa pia maswali: hakuna anayekuuliza mshahara, sanduku la posta wala mdhamini. Ukiwa na shilingi 20 wewe ni mteja. Safaricom ilipoanza mwaka 2000 pamoja na mshindani wake Kencell, mtindo huu ndio uliomfikia muuza samaki na mpiga boda, watu ambao hakuna kampuni ingewaandikia bili.

(Ukivuka Isebania kuelekea Musoma au Mwanza, usiitishe kredo. Sema vocha, na useme kukwangua badala ya kukwaruza.)

Anayetaka mkopo halisi kwenye laini ya malipo ya kabla anao Okoa Jahazi wa Safaricom. Hapo kampuni ndiyo inayokukopesha, na inakata asilimia 10 papo hapo: ukiomba 100 unapata 90, lakini unalipa 100. Kwa dharura sawa. Kama tabia ya kila jioni, ni ghali.

Kwa kuwa mali ni namba, namba inaweza kusafiri bila karatasi. Kabla ya M-Pesa kuanza mwaka 2007, mtu aliweza kununua kadi mjini, akaikwaruza, kisha akamsomea mwenye duka kijijini zile namba kwa simu. Mwenye duka akajiwekea kredo na kumpa mzazi wa yule mtu pesa taslimu, akibakiza chake kidogo. Uganda jambo hili lilienea hadi likapata jina, "sente". Ni benki iliyoundwa na watu wenyewe kutokana na takataka za karatasi, nami nikiifikiria bado inanishangaza.

Mlango huo huo ndio waliopitia matapeli. "Hongera, umeshinda! Nunua kadi ya 1,000 utusomee namba ili tuthibitishe laini yako." Ukisoma, umekwisha toa pesa, hata kama karatasi ungali umeishika mkononi. Anayeituma kwanza ndiye mwenye kredo, na kompyuta haijui nani alinunua. Hata dukani, usikwaruze kadi huku mtu amekuinamia begani.

Kuna jamaa mwingine wa kadi hii ambaye watu wenye ndugu Marekani wanamjua: kadi ya kupigia nje. Hiyo haiongezi chochote kwenye laini. Ndugu yako anapiga kwanza namba ya mtambo iliyoandikwa kwenye kadi, sauti inamwomba namba ya siri, anaiingiza, anaambiwa amebakiza dakika ngapi, ndipo anapiga namba yako. Wengi hukwama hapa mwisho. Ataanza na 011 ya kutokea Marekani, kisha 254, kisha namba yako bila ile sifuri ya mbele. Kwa hiyo 07 yako inakuwa 011 254 7, na simu ya mezani ya Kisumu, 057, inakuwa 011 254 57. Sifuri ikibaki, simu haifiki.

Ujanja wa kadi hizi uko kwenye maandishi madogo. Kadi ya dola 5 hutangaza dakika nyingi kwa herufi kubwa. Lakini kuna ada ya kuunganisha kila unapopiga, sekunde chache huhesabiwa kuwa dakika nzima au zaidi, na salio lililokaa huweza kukatwa "matunzo" kila wiki. Kupigia simu ya mkononi Kenya kwa kawaida hugharimu zaidi ya kupigia ya mezani, na dakika zinazotangazwa mara nyingi ni za bei ya chini. Mambo yalizidi hadi mwaka 2008 tume ya biashara ya Marekani ikapeleka mahakamani wauzaji waliotangaza dakika ambazo mteja hakuzipata. Ukiwa na kadi yenye ada ya kuunganisha, simu moja ndefu ni nafuu kuliko tano fupi. Mweleze ndugu yako amalize habari zote mara moja, asiwe wa kukata na kurudi.

WhatsApp imewapokonya wauzaji hao wateja wengi. Lakini dani, yaani nyanya, aliye Siaya na simu yake ndogo ya mulika mwizi hana WhatsApp, na mjukuu aliye Boston bado anahitaji njia ya kumfikia kwenye laini ya kawaida. Akipiga saa mbili usiku wa kwake, huku ni usiku wa manane au karibu alfajiri. Dani ataamka akidhani kuna msiba, na dakika mbili za kwanza zitaliwa na kumtuliza.