Je, wajua kwa nini wapenda ndege hukata matete ambamo ndege wanaishi?

Ukifika kwenye hifadhi ya ardhioevu nje ya msimu wa kutaga, huenda ukakuta kundi la watu waliovaa mabuti ya mpira, mikononi wana miundu, reki na misumeno, wanafyeka matete na kuangusha miti midogo. Si wavamizi. Ni watu wa kujitolea, na wengi wao ni watazamaji wa ndege ambao siku nyingine ungewakuta palepale na darubini shingoni. Mgeni akiwaona huuliza: mbona mnaharibu makazi ya ndege mliokuja kuwalinda?

Swali hilo ni la haki kabisa. Jibu lake ni kwamba kinamasi kidogo kilichozungushiwa mipaka, kikiachwa peke yake, hujikausha chenyewe.

Tuanze na tete lenyewe. Aina iliyoenea zaidi, Phragmites australis, inaota karibu kila bara isipokuwa Antaktika. Kila mwaka huchipua mashina mapya yanayoweza kupita mita tatu, na ya mwaka uliotangulia hufa yakiwa wima, kisha hulala majini. Ndani ya tope lililojaa maji oksijeni ni haba, kwa hiyo masalia hayo huoza polepole mno. Yanarundikana. Tope linaloletwa na mto nalo linatulia juu yake. Mwaka baada ya mwaka sakafu ya kinamasi inapanda na kina cha maji kinapungua, hadi mbegu ya mwerebi inaangukia mahali ambapo zamani ingezama, na sasa inapata ardhi ya kuotea. Miti ikishashika, mambo yanakwenda mbio: mizizi inafyonza maji, majani yanapukutika na kuongeza rundo, kivuli kinayadumaza matete. Baada ya miongo michache, palipokuwa na maji pana kichaka kikavu.

Kichaka hicho si kibaya. Kina ndege wake pia. Zamani hakuna aliyehitaji kukizuia, kwa sababu mto uliokuwa huru ulikuwa unahama: mafuriko yalikwangua bonde, yakazoa matete na miti, yakaacha madimbwi mapya mahali pengine. Kinamasi kimoja kilipozeeka, kingine kilikuwa kinazaliwa, nao ndege walihamia huko. Leo mito mingi imefungwa kwa matuta na mabwawa, na kando yake kuna mashamba na nyumba. Taarifa ya mwaka 2018 ya Mkataba wa Ramsar, mkataba wa kimataifa wa ardhioevu uliotiwa saini nchini Iran tarehe 2 Februari 1971, ilikadiria kwamba dunia ilipoteza takriban asilimia 35 ya ardhioevu zake kati ya mwaka 1970 na 2015. Katika hali hiyo kinamasi kilichobaki hakina ruhusa ya kuzeeka. Kikikauka, ndege wake hawana pa kuhamia.

Kwa hiyo mwenye mundu anashika zamu ya mafuriko. Tena si ya mafuriko peke yake. Katika delta ya Okavango nchini Botswana, viboko wanaopita njia zilezile kila siku hufungua mifereji kati ya mafunjo, na maji yanapata pa kupita. Nchini Uholanzi kuna Oostvaardersplassen, eneo lililokaushwa kutoka ziwani mwaka 1968 kwa nia ya kujenga viwanda. Kabla viwanda havijafika, walifika mabata bukini. Bata bukini anapobadilisha manyoya hushindwa kuruka kwa takriban mwezi mzima, na katika kipindi hicho hujificha kwenye matete na kuyala. Maelfu yao walikula hadi madimbwi ya wazi yakabaki wazi, nao wataalamu wakaona kwa macho kwamba wanyama wenyewe wanaweza kuzuia matete yasimeze maji. Mahali ambapo kuna wanyama wa namna hiyo na maji ya kutosha, watu wanaweza kukaa pembeni na kutazama. Hifadhi nyingi ndogo hazina bahati hiyo.

Ushahidi ninaoupenda kuliko wote unatoka Uingereza, na unamhusu ndege mmoja wa jamii ya korongo, Botaurus stellaris: wa rangi ya kahawia yenye michirizi, hodari wa kusimama wima kati ya matete hadi usimwone hata ukiwa karibu. Dume hutoa mngurumo mzito unaosikika kilomita kadhaa. Nchi hiyo ilimpoteza kama ndege wa kuzaliana mwishoni mwa karne ya 19, akarudi mwanzoni mwa karne ya 20, kisha akaanza kufifia tena. Mwaka 1997 walisikika madume 11 tu.

Matete yalikuwa bado yapo, na hapo ndipo watu walipoteleza. Ukitazama kwa mbali uliona bahari ya matete, ukasema ndege ana nyumba. Watafiti walipowafuatilia wale wachache waliobaki, waliona kwamba anachohitaji ni matete yenye miguu majini, na mipaka mingi mahali matete yanapokutana na maji ya wazi, maana hapo ndipo anapovizia samaki. Kiota chake hukaa chini, juu kidogo ya maji, na maji hayo ndiyo yanayomzuia mbweha. Matete makavu yalikuwa pambo tu. Hifadhi zikaanza kuchimba na kushusha sakafu, kuzibua mifereji, kung'oa vichaka na kupandisha maji. Leo madume wanaonguruma nchini humo ni zaidi ya 200.

Ufyekaji wenyewe una adabu zake. Haufanywi wakati wa viota. Haufanywi eneo lote kwa mara moja: mwaka huu kipande kimoja, mwakani kingine, ili daima yawepo matete machanga, ya makamo na makuukuu. Hayo makuukuu si taka. Wadudu hupitisha majira ya baridi ndani ya mashina yake, na kuna ndege mdogo wa matete wa Ulaya na Asia, Panurus biarmicus, ambaye kiangazi hula wadudu na majira ya baridi hugeukia mbegu za matete. Firigisi yake huwa ngumu zaidi, naye humeza chembe za mchanga za kumsaidia kusaga. Ukifyeka yote, umempokonya chakula cha miezi kadhaa.

Halafu kuna jambo linalowachosha watu kuliko kufyeka: kukusanya. Matete yaliyokatwa hayana budi kuondolewa majini, kwa reki na kwa mikono, yarundikwe pembeni au yapelekwe mbali. Yakiachwa pale yataoza palepale, na sakafu itapanda kana kwamba hakuna aliyefanya kazi. Pale ambapo lengo ni kupata maji ya wazi, tete hukatwa chini ya usawa wa maji wakati wa kukua. Shina lake lina uwazi ndani, nalo hupeleka hewa kwenye mizizi iliyo topeni kama mrija. Maji yakiingia, mzizi unakosa pumzi na kufa. Miche ya miti hung'olewa ikiwa midogo, kwa sababu mwerebi uliokatwa huchipua tena kwenye kisiki, na mwakani unakuwa na mashina matano badala ya moja.

Kazi nyingine haionekani kabisa kwa mpita njia. Ni ya maji. Hifadhi nyingi zina vilango vya mbao au chuma kwenye mifereji, na mtu mwenye uzoefu huongeza au hupunguza ubao mmoja mmoja. Ndege wa kwenye tope, wale wanaotembea kando ya maji wakidonoa, wametofautiana kwa urefu wa miguu na mdomo: mwenye mdomo mfupi huokota vya juu, mwenye mdomo mrefu huchimbua minyoo ya chini. Maji yakishushwa polepole, kila siku ukanda mpya wa tope laini unafunguka na kila mmoja anapata riziki yake. Yakishushwa kwa pupa, tope linakauka na kuwa gumu, na hata mdomo mrefu hauna faida. Visiwa vya changarawe navyo hupaliliwa kabla ya kutaga, kwa kuwa buabua na jamaa zake hutaga mahali patupu, ambapo yai linafanana na kokoto na mama anamwona adui kutoka mbali.

Yupo ndege mmoja aliyetoa somo hili kwa bahati tu. Mwaka 1940 mabonde ya Minsmere, pwani ya mashariki ya Uingereza, yalifurikishwa makusudi ili vifaru vya adui visipite. Vita ilipokwisha, mwaka 1947 ilionekana kwamba ndege mweusi na mweupe mwenye mdomo mwembamba uliopinda kwenda juu, Recurvirostra avosetta, anataga huko, baada ya kutoweka nchini kama ndege wa kuzaliana kwa takriban karne moja. Maji yalirudi, naye akarudi. Leo ndiye nembo ya RSPB, shirika la kuhifadhi ndege la nchi hiyo.

Sasa, darubini inaingia wapi? Inaingia kwenye kujua kama ulichokata jana kilistahili kukatwa. Kufyeka bila kuhesabu ni kubahatisha. Kila Januari, tangu mwaka 1967, watu wa kujitolea katika nchi nyingi wamekuwa wakihesabu ndege wa majini kwa kipindi kimoja, katika sensa inayoratibiwa na shirika la Wetlands International. Mwezi huo ulichaguliwa kwa sababu ndege wengi wanaohama wametulia katika maeneo yao ya majira ya baridi, hivyo uwezekano wa kumhesabu ndege mmoja mara mbili unapungua. Leo sensa hiyo inafanyika katika nchi zaidi ya 100.

Kuhesabu kundi la ndege elfu kadhaa si kumgusa kila mmoja kwa kidole. Unahesabu kumi, unaangalia wanachukua nafasi gani machoni, kisha unapima kundi lote kwa kipimo hicho. Kundi likiwa kubwa mno, unaanza na mia. Macho ya binadamu huelekea kupunguza makundi makubwa, ndiyo maana mazoezi ni ya lazima, na ni vizuri watu wawili wahesabu kila mmoja kivyake kabla ya kulinganisha. Wale wanaojificha matetini huhesabiwa kwa masikio: wasikilizaji husimama sehemu tofauti alfajiri au jioni, kila mmoja anaandika saa na upande sauti ilikotoka, na mistari inapokutana kwenye ramani ndipo dume alipo.

Hesabu ya sifuri nayo iandikwe. Anayeanza huona aibu kurudi na ukurasa mtupu, lakini ukurasa huo ndio unaoonyesha kwamba mahali fulani pameanza kukauka, miaka kadhaa kabla jicho la kawaida halijagundua.

Kuna adui mwingine ambaye mtu anaweza kumleta mwenyewe bila kujua: mimea vamizi. Hifadhi ya Taifa ya Djoudj nchini Senegal, kimbilio la wari na mamilioni ya ndege wahamiaji, iliwekwa kwenye orodha ya urithi wa dunia ulio hatarini mwaka 2000 baada ya gugu liitwalo Salvinia molesta, lenye asili ya Amerika Kusini, kufunika maji yake. Iliondolewa kwenye orodha mwaka 2006, na aliyesaidia sana kulimaliza gugu hilo ni mbawakawa mdogo anayelila. Kipande kidogo tu cha gugu la namna hii, kikinasa kwenye soli ya buti, kinatosha kuanzisha balaa katika bwawa jingine. Kwa hiyo kila mtu wa kujitolea hufundishwa mambo matatu kabla ya kwenda eneo jingine: kagua, safisha, kausha.

Na je, kazi hii ina mwisho? Ndani ya tuta, haina. Nje ya tuta huweza kupungua sana. Huko Steart, kusini-magharibi mwa Uingereza, mwaka 2014 ukuta wa kuzuia bahari ulibomolewa kwa makusudi sehemu moja ili maji ya kupwa na kujaa yaingie kwenye yaliyokuwa mashamba. Maji yenyewe yakaanza kuchonga vijito, kuleta tope na kupanga mahali pa kuota nini. Kinachobaki kwa watu hapo, kwa sehemu kubwa, ni kuandika nani amekuja.